Kabati la Gramafoni la Mke Mwenzangu

Nandagala, Alhamisi asubuhi, Juni 1951

Baridi imeshika leo na umande haujakauka. Nimekaa barazani kwa mke mwenzangu, nawasubiri wabebaji wamalize uji. Mgongo unaniuma na nina wivu. Nalisema la wivu mapema, nisije nikalizunguka mpaka ukurasa ukaisha.

Juzi mume wangu, Baba Hamisi, alirudi na lori kutoka Nachingwea. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa mashamba ya karanga. Mimi nami nilifanya kazi katika nyumba ile ile, nikifagia, nikifua na kupangusa vyombo, mpaka mama yangu alipougua nikarudi Ruangwa. Sasa kazi ya karanga inakufa na Wazungu wanafunga mizigo. Yule bwana, wakati wa kuagana, akampa mpishi wake kabati la gramafoni.

Nalijua kabati lile. Linanifika kifuani, la mbao nyekundu nzito, lina kifuniko juu, milango miwili midogo ya kutolea sauti, na chini mahali pa kuwekea santuri. Nimelipaka nta kwa mikono yangu hii. Bibi mwenye nyumba alinifundisha kuzungusha mpini na kuteremsha sindano taratibu. Siku wakitoka, nilikuwa naweka santuri moja ya kinanda kitupu, isiyo na mwimbaji, naisikiliza nimesimama na kitambaa mkononi.

Lori liliishia mlangoni kwangu, Ruangwa. Majirani wakaja kutazama. "Hongera, Mama Hamisi," wakaniambia, nami nikaitikia. Nilikuwa nimekwisha sogeza mtungi wa maji ili kabati lipate nafasi.

Watu walipoondoka, Baba Hamisi akasema, huku anavua viatu, "Hilo ni la Nandagala. Nimemwahidi Somoe."

Somoe ndiye mke mwenzangu. Ameolewa mwaka jana, ana mimba ya kwanza, na Nachingwea hajawahi kuikanyaga.

"Nandagala lori halifiki," nikasema.

"Ndiyo maana nataka uende nalo. Anayejua linavyoshikwa ni wewe."

Nikaurudisha mtungi mahali pake.

Jana alfajiri nikalifunga. Nilitoa santuri zote nikazipanga kwenye kikapu, zikiwa zimesimama, kila moja na kitambaa chake, maana zikilazwa zinapasuka. Nikachomoa mpini. Mkono wenye sindano nikaufunga kwa kamba laini usije ukarukaruka. Ilipobaki ile sahani inayozunguka, shetani akaniambia, iache humo humo, njiani itajigongagonga yenyewe na hakuna atakayejua.

Nilikishusha kifuniko, nikakifungua tena. Kisha nikaitoa, nikaifunga kwenye kanga yangu.

Tulilizungushia mikeka, tukapitisha kamba chini yake, tukazifunga kwenye miti miwili mirefu. Wabebaji walikuwa wanne, mbele akiwa mdogo wangu, Ismaili. Niliwaambia lisilazwe hata kidogo, liende limesimama kama mtu. Baba Hamisi alikuja nyuma kwa baiskeli.

Penye korongo njia inateremka mawe matupu. Tulishuka hatua kwa hatua, mimi nikiwa upande wa chini nawaonyesha pa kukanyaga. Katikati ya mteremko mbebaji wa nyuma aliteleza, mti ukamtoka begani, kabati likaniinamia. Nilikuwa na nafasi ya kukimbia. Badala yake niligeuka nikalipokea kwa mgongo, nikapiga magoti, nikalizuia mpaka akaushika mti tena.

Ismaili alikuwa amekasirika. "Dada, ulitaka kufa kwa ajili ya kitu cha mke mwenzio?"

Nilimwambia akaze kamba.

Baba Hamisi akatufikia, akaiangusha baiskeli, akaja mbio. Akazipapasa pembe za kabati, moja moja.

"Limepona?" akauliza.

Nikamwambia limepona.

Nyumba ya Somoe ni ya vyumba viwili. Kabati liliingia baada ya kung'oa mlango, likashika nusu ya chumba cha mbele. Niliirudisha sahani, nikafungua kamba, nikazungusha mpini, nikaweka ile santuri ya kinanda. Ikalia vizuri, bila kukwaruza. Watu wakajaa mpaka uani. Baba Hamisi alisimama kando ya kabati, mkono juu ya kifuniko, kama aliyelichonga yeye.

Somoe alingoja santuri iishe. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote, "Bwana, mimi niliomba cherehani."

Watu wakageuka kumtazama Baba Hamisi.

"Hii ni zawadi kubwa kuliko cherehani," Baba Hamisi akasema.

"Ni kubwa, naona. Mtoto atalala wapi? Sikitaki kitu hiki. Nisamehe."

Nilidhani Baba Hamisi atafoka. Namjua. Nilishika ukingo wa mlango nikisubiri. Lakini yeye alijikuna shingo, akacheka kidogo, akasema, "Haya, cherehani nitaitafuta."

Basi, yakaisha hivyo.

Siku zote nilizoishi naye, chochote alichoniletea nilisema nashukuru. Aliniletea viatu visivyonitosha, nikashukuru. Aliniambia ataoa mke wa pili, nikashukuru kwamba ameniambia kwanza. Sikujua kwamba kumbe mtu anaweza kusema sitaki, na mvua ikaendelea kunyesha kama kawaida.

Njia nzima niliona wivu wa kabati. Wivu ule ulikuwa wa kitoto. Huu wa sasa una meno.

Baba Hamisi akanigeukia. "Basi lichukue wewe, Mama Hamisi. Kesho mlirudishe."

Kile nilichokitamani tangu Nachingwea kikaja kwangu namna hiyo, kama ukoko baada ya wengine kushiba. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema, "Nashukuru."

Asubuhi hii Somoe ameniletea mafuta ya nazi, akanichua mgongo. Ana mikono mizuri. Nilitaka kumchukia, nikashindwa, na hilo nalo limeniudhi. Aliniuliza, "Dada, uliumia sana?" Nikasema hapana. Akabonyeza pale pale penyewe, nikapiga ukelele. Tukacheka wote wawili.

Baba Hamisi akatokea, akasema twende kabla jua halijawa kali, na mimi nishike upande wa chini kule korongoni kama jana.

"Leo sishiki," nikamwambia. "Nitabeba kikapu cha santuri. Upande wa chini utashika wewe."

Alinitazama. Ismaili akaangalia pembeni. Nilikishika kikapu kwa mikono miwili. Kisha Baba Hamisi akaingia ndani.

Somoe alilisema lake bila kushikilia kitu, nami bado namwonea wivu kwa hilo. Labda nitamwonea kwa muda mrefu.

Huyo Baba Hamisi anatoka. Amevaa shati la shambani, na begani ameweka gunia lililokunjwa, la kupokelea mzigo.