Plau Iliyolala Kwenye Majivu

Jumatatu, 15 Novemba 1954

Nimetwanga mtama tangu asubuhi. Mgongo unalalamika. Mama mkwe anapepeta huku akinicheka, eti natwanga kama ninayempiga mwizi. Makapi mekundu hadi kwenye nyusi.

Barua ya mume wangu Elia imefika misheni. Mkataba wa umanamba umekwisha, anarudi. Miaka miwili kwenye mkonge! Nusu ya karatasi anauliza habari za plau, mstari mmoja habari za mkewe. Nimemsamehe. Plau hiyo, aliyoinunua kwa mshahara wa mkonge akaituma mbele, ndiyo jasho lake lote, na ya kwanza katika ukoo wao. Ng'ombe wa mjomba wake wamekwishazoea nira.

Iko salama. Niliilaza mwenyewe ndani ya kihenge cha zamani, nikaifukia kwa majivu ya mabua, kama tunavyohifadhi mbegu. Mama alitaka nimwachie yeye mambo ya chuma. Nilimjibu kwa adabu kwamba nitaweza. Mtu wa darasa la nne!

Alhamisi, 18 Novemba

Mvua ya kwanza. Tembe imevuja upande wa kihenge. Si kitu. Majivu yanayoshinda fukusi yatashindwa na matone mawili?

Jumatano, 24 Novemba

Nimefukua plau. Kutu.

Majivu yamenyonya unyevu yakawa uji, na uji umeng'ata chuma. Ubapa uliokuwa uking'aa hadi najiona uso, sasa una magamba mekundu. Majivu hayohayo ndiyo tunayoyachuja tupate chumvi ya mboga. Chumvi na chuma! Na fukusi tangu lini wakala chuma? Mjinga mimi. Nimeifunika tena. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 25 Novemba

Mama alipokwenda kisimani nikasugua kwa mchanga. Haitoki yote. Elia alikata mkonge hadi viganja vikachanika, na mimi nimemharibia kitu chake kwa kiburi tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu hilo.

Ijumaa, 26 Novemba

Mama amejua. Vidole vyangu vyekundu vilinisema. Nikapiga magoti, nikaeleza yote. Nilingoja kugombezwa.

"Chuma si mbegu, mwanangu," alisema. "Lete makapi."

Makapi! Nilikuwa nawamwagia kuku. Tumeyachemsha hadi maji yakawa mekundu, mazito. Akasugua chuma kwa mchanga, kisha akapaka maji hayo kwa kitambaa, ya moto bado. Kutu ikageuka nyeusi nikiangalia. Sikuamini. Akaacha ikauke, akapaka tena, mara tatu. Ndivyo mama yake alivyotunza majembe ya mahari. Nampenda mama huyu. Sijui kwa nini nilikuwa namwogopa.

Jumamosi, 27 Novemba

Leo zamu ya mashudu ya nyonyo, yale yanayobaki tukishatoa mafuta. Tumeyapasha moto, tukapaka kila pembe. Kunuka kwake! Mama akanipaka na puani, tukacheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Vishimo vidogo vimebaki kwenye ubapa. Hivyo havitoki tena.

Jumatano, 1 Desemba

Elia amefika. Amekonda, shingo ndefu, lakini ni yeye. Alimwamkia mama, akanishika mkono muda mrefu, kisha moja kwa moja kwenye plau. Akapitisha kidole kwenye vishimo. Akakuta majivu yameganda nyuma ya bolti. Akauliza nani aliiweka kwenye majivu.

Mama akaniwahi. "Mimi, baba. Uzee huu."

Nikaenda kusonga ugali, nikauunguza. Mwoga mkubwa.

Alhamisi, 2 Desemba

Plau ilisahauliwa uani, ikanyeshewa mchana kutwa. Elia aliifuta akaitazama kotekote. Nyeusi vilevile, kutu hakuna. Akamsifu mama sana. Mama akasema ni makapi na mashudu tu. Hakunitazama. Heri angenitazama.

Jumamosi, 4 Desemba

Tumelima tangu alfajiri. Udongo unateleza kwenye ubapa vizuri. Ng'ombe walipopumzika nilimwambia Elia: majivu yalikuwa yangu. Mama alinifichia.

Alikuwa anakunywa maji. Akameza, akatabasamu.

"Najua. Mama yangu hawezi kufukia chuma kwenye majivu hata akiwa na homa. Nilitaka unambie mwenyewe."

Akanipa kibuyu, nikanywa.

Jioni nimemkuta mama anabangua karanga. Nikamwambia nimekwishasema. Alisogea kidogo kwenye ngozi ya ng'ombe anayoikalia, nikakaa, tukabangua wote hadi zikaisha.