Bomba Ambalo Mashine Haikulisikia

Handeni,
Jumatano mchana.

Kwa baba yangu, Mzee Enock,
Masuguru, Korogwe.

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, na goti limepunguza kuuma tangu mama aanze kulikanda. Mimi huku mwili ni mzima, nakula, nalala, ila roho haijatulia, ndiyo maana nimeshika kalamu. Usishtuke, hakuna msiba. Simu nimekupigia mara tatu wiki hii. Kila ukisema haloo naanza kuuliza kama mvua imenyesha, halafu naaga. Kwenye karatasi angalau siwezi kukata.

Baba, kazi yangu sikuwahi kukueleza vizuri. Nilikuambia tu niko na kampuni inayochimba mtaro wa waya wa intaneti kutoka Korogwe mpaka huku. Mimi sichimbi. Mimi ndiye ninayetangulia mbele ya kijiko, lile gari la kuchimbia, nikiwa na mashine ya kutafuta vitu vilivyofukiwa, nyaya za umeme, mabomba, vyote. Iko kama fimbo nene, unaishika karibu na ardhi unatembea taratibu, ikipita juu ya waya inalia, ukivuka inanyamaza. Basi unapuliza rangi pale, na mwenye kijiko anajua asiguse. Aliyekuwa nayo kwanza aliacha kazi ghafla. Msimamizi wetu, Deogratius, akauliza nani anaiweza, na mimi mkono ulikuwa juu kabla hajamaliza kuuliza. Sikuwahi kuishika baba! Nilikuwa nimeona video zake kwenye simu wiki nzima, nikisubiri chai, nikiwa chooni, popote. Siku ya pili tu, kule kule Korogwe, nikaukamata waya wa umeme ambao hata kwenye ramani haukuwepo. Tukachimba kwa mikono, huo hapo! Watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo wakaanza kuniita Dokta, kwa sababu ya spika za masikioni ninazovaa kuisikiliza mashine, kama daktari. Habakuki, yule anayeendesha kijiko, kila asubuhi ananiuliza mgonjwa kaamkaje. Kichwa kikavimba, baba, sikufichi.

Sasa nije Makuyuni.

Jumapili ile ulinipigia ukaniambia kamati ya maji ya Makuyuni imekunyang'anya ule ufunguo mkubwa wa chuma wa kufungulia maji, ambao umeushika miaka kumi na minne tangu ulipowalazia lile bomba. Kisa, kijiko kimekata bomba, na mtaalamu mmoja wa mashine amesema lililazwa ovyo. Ukasema umeendesha baiskeli njia yote ile na goti lako, na mwenyekiti Kibwana hakukupa hata kigoda. Ukaniuliza, kwa kuwa nami niko kwenye mambo hayo hayo, eti mashine inaweza kukosea? Nikakujibu pole baba, ndiyo dunia.

Mtaalamu huyo ni mimi.

Tulifika pale Jumanne ya wiki mbili zilizopita, kabla hujanipigia, kama saa nne asubuhi. Mama mmoja anayeuza chapati kando ya barabara, Mama Paulina, akaja na mwiko mkononi akaniambia hapo kuna bomba, nisichezee. Akanionyesha mikonge yako uliyoipanda kuwa alama. Akasema Mzee Enock amewafundisha kijiji kizima, mkonge uko juu, bomba liko hatua mbili chini yake upande wa mteremko. Baba, nilijua kabla hajafungua mdomo. Nimekua nikikusikia ukisema tukiwa tunakula kwamba kigingi huoza, jiwe mtu atalibeba akajengee choo, lakini mkonge hakuna mbuzi wala mwizi anayeuhangaikia. Nilijua kila kitu. Lakini Habakuki alicheka kutoka kule juu kwenye kijiko, akasema Dokta siku hizi anapima kwa mitishamba. Vijana wote wakaangua kicheko. Na mimi nikaona aibu. Sikuwaonea aibu wao. Niliionea aibu mikonge yako. Nikamwambia yule mama sisi tunafanya kazi na umeme, hatufanyi na majani. Akanijibu haya mwanangu, maji yakikatika utatuchotea na hiyo fimbo yako.

Nikapita na mashine mara mbili. Kimya. Na video ile ile iliyonifundisha ilisema wazi kwamba bomba la plastiki, kama hilo lako, halilii. Inabidi ufungue bomba mahali, usukume waya ndani, ndipo mashine isikie ule waya. Waya wenyewe tulikuwa nao garini. Kazi yake ni nusu siku. Kijiko kinaunguruma nyuma yangu, vijana wameegemea masepeto, na mimi ndiye Dokta. Nikapuliza rangi, nikatangaza hapa pasafi.

Kijiko kilipoinuka maji yakaruka mpaka kwenye kioo, Habakuki akalowa chapachapa. Bomba lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye mkonge. Mbili kamili, baba, zile hatua zako ndefu.

Deogratius alipofika na Kibwana, kijiko kilikuwa kimeshang'oa mikonge ya pale na kuitupa kwenye udongo. Nikaona nafasi. Nikasema ilipandwa upande usio wake, ilitupoteza, aliyelaza bomba hakujua kazi. Mama Paulina akapiga kelele kwamba huo ni uongo mchana kweupe. Kibwana akamwambia akageuze chapati zake, awaachie wataalamu. Watu wa chini ya barabara walikaa siku tisa bila maji. Sisi tukaja zetu Handeni.

Ningeweza kuishia hapo, na ungenikasirikia vya kutosha. Lakini lipo lililonifanya nishindwe hata kukusalimia vizuri kwenye simu. Wakati anaandika taarifa, Deogratius alitazama jina langu kwenye daftari la mahudhurio, akaniuliza huyu fundi Enock na wewe Yordani Enock, mbona kama ni ndugu? Aliuliza kiutani tu. Ningesema ni baba yangu, pengine wangeenda kupima upya, pengine mimi mwenyewe ningeona haya nikasema kweli. Nikamwambia akina Enock wamejaa Korogwe. Halafu nikacheka. Nilicheka, baba.

Jana nilimweleza Deogratius yote. Hakunifokea. Alinyoosha mkono nikampa mashine, akanionyesha sururu. Sasa nachimba mtaro na wenzangu. Habakuki hanitanii tena, na sikujua kutotaniwa kunauma hivi. Kibwana nimempigia. Amesema ufunguo utarudi kwako ikiwa mwenye maneno yake atasimama mwenyewe kwenye mkutano akayafute. Mkutano ni Jumamosi saa tatu, pale bombani. Nitakwenda. Nitasema hatua ni mbili, nitasema nilidanganya, na nitasema mimi ni mtoto wa nani.

Naomba uje, baba. Usije kwa ajili yangu, njoo uchukue ufunguo wako mbele ya watu wale wale. Sikuombi usimame upande wangu. Simama na Mama Paulina. Tukimaliza, ukiondoka bila kunitazama nitarudi Handeni na gari la mchana, sitakulaumu. Ukiniambia nikubebee baiskeli, nitaibeba mpaka Masuguru.

Mama umsalimie sana, na barua umsomee yote, usimrukie hata mstari. Upendo mwambie kaka yake anamkumbuka, asome. Barua anakuletea Loveness, mama mmoja wa hapa Handeni anayekuja huko kuuza maharage, usimwache aondoke bila maji ya kunywa. Mungu akulindie hilo goti na akupe moyo wa kunisikiliza.

Mwanao niliyekukosea,
Yordani Enock