Upole Waulize Kuku

Mjukuu wangu Zuhura, babu yako hapa Mkange anakusalimu sana, mama yako anakusalimu, na mdogo wako Mwanaidi anauliza utarudi lini. Sote wazima, alhamdulillahi. Wewe je, unakula ukashiba huko Dar?

Umesema kwenye intavyuu ya kazi ya hoteli watakuuliza kwa Kizungu wewe ni mtu wa namna gani. Umekariri maneno ya tabia mpaka yamekuchanganya, sasa unaniuliza uchague lipi.

Nikisinzia hapa barazani, harufu ya mpunga inanirudisha mbali. Namwona shangazi yake babu yako, amekuja kunitazama kabla ya posa. Nimekaa mkekani, nimeinama, kanga usoni. Mama yangu anasema, "Mpole huyu, hata sauti hana." Mara kuku wakavamia mpunga tulioanika uani. Weee! Niliruka, kanga huku, mimi kule. "Shii! Tokeni, wezi nyie!"

Mama akajishika kichwa. Shangazi akacheka mpaka machozi. "Mwenzangu, upole huu tuwaulize kuku! Basi huyu ndiye wetu, chakula cha nyumba hakitapotea."

Nikaolewa kwa sifa ambayo hakuna aliyeitaja.

Nawe wasimulie siku ya mafuriko, ulivyomshika mkono mtoto wa jirani, hukumwachia mpaka mama yake alipofika. Mtu wa hivyo Wazungu wanamwitaje? Hilo ndilo neno lako. Nijibu upesi, mwanangu, roho yangu haitulii mpaka nisikie wamekuchukua.

Bibi yako