Hema Lililong'oka

Ijumaa, jangwani nje ya Riyadh

Eti mimi ndiye niliyewaharibia safari! Nilipigilia vigingi vya hema vile tunavyofanya nyumbani Kakamega, nikasahau kuwa mchanga haushiki. Upepo ukaja, hema likaangukia sinia la wali la madam, mwajiri wangu. Alivyofoka!

Ouma, dereva wetu, akanionyesha: jaza gunia mchanga, lifunge kamba ya hema, kisha ulizike. Sasa halitikisiki.

Lakini tiketi yangu ya kurudi nyumbani... Mkataba umeisha, na kila nikimuuliza madam anasema, "Halas," yaani basi, "baadaye." Naogopa hiyo baadaye haina mwisho.

Kesho dada zake wanakuja huku kunywa kahawa. Mbele ya wageni hapendi kuonekana mchoyo. Nitamuuliza hapo hapo, birika likiwa bado mkononi mwangu.