Taa ya Sita

Jumatatu, 4 Machi

Nimeiona tena! Jeni za RNA ya ribosomu za mbuzi hukaa kwenye ncha za jozi tano za kromosomu. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo mbuzi wangu wote walivyonionyesha: rangi inanasa kwenye jeni hizo, ncha zinawaka kijani chini ya darubini. Ila mbuzi wa shangazi. Huyo ana jozi ya sita inayowaka! Nimefumba macho, nimefumbua — ipo.

Jumanne, 5 Machi

Profesa katupia jicho tu. Eti uchafu. Eti nioshe slaidi vizuri, niache ndoto za alinacha. Nikaichukua slaidi, nikatoka; mbele yake ulimi huwa mzito. Nimekasirika mpaka chai imenishinda! Lakini hasira si ushahidi. Uchafu gani huu unaokaa pahala palepale kila seli? Au naitaka mno? Kipendacho roho hula nyama mbichi.

Jumamosi, 9 Machi

Kwa shangazi, kuchukua damu upya. Kaniuliza kama nimesoma miaka yote hiyo ili nije kuwa kupe. Nimecheka mpaka mbuzi kashtuka! Kisha akamshika shingo mwenyewe, akamwambia avumilie, mtoto anatafuta shahada.

Kwenye chupa nikaandika "mbuzi wa shangazi". Haikutosha — anao wengi. Nikaongeza: jike mweupe, sikio limepasuka. Kama nimekosea, basi nimekosea. Lakini niambiwe na mbuzi, si na Profesa.

Ijumaa, 15 Machi

Ipo! Damu mpya, slaidi mpya, rangi mpya — ipo, seli baada ya seli. Machozi yamenitoka, lenzi ikaingia ukungu.

Profesa kaja, kainama. Safari hii kakawia. Kisha kanipigapiga begani: "Tumeipata!"

Tu—? Yeye na nani?

Eti alihisi tangu mwanzo. Eti makala anaanza kuandika leo, jina lake peke yake juu, mimi nitashukuriwa vizuri mwishoni. Nikauliza, sauti kama ya mgonjwa: na ule uchafu, Profesa? Kajifanya anatafuta miwani. Ilikuwa usoni.

Sasa kaenda kumwita mkuu wa idara aje aone. Kaniambia nimpishe kiti cha darubini, yeye ndiye atakayeeleza. Nawasikia kwenye korido, anacheka kwa sauti. Kitasa kinazunguka.

Nimekaa.