Ekari ya Mugendi na Ekari ya Kaari

Mtaa wa Dallas, Embu mjini
6 Oktoba 2024

Dada Kaari,

Hamjambo huko Kiritiri? Baba na watoto wako salama? Sisi tu wazima, ila kazi ya shule imetubana.

Naandika kwa sababu simu ya huko ni moja, nayo iko mfukoni mwa Baba, na sitaki asikie. Nasikia shamba la bondeni atampa yule kati yetu atakayevuna mahindi mengi msimu huu, kila mtu kwenye ekari yake hapo nyumbani. Sitakuficha, imeniuma. Uliolewa, ukarudi, sasa unashindana na mimi? Nimenunua magunia manne ya mbolea, DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia. Wewe una nini?

Ndugu yako mkubwa,
Mugendi

Kiritiri
13 Oktoba 2024

Kaka Mugendi,

Tuko salama, magoti ya Baba tu ndiyo yanamsumbua. Wifi yangu Mama Muthomi hajambo?

Nina samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na gunia moja la DAP. Msimu uliopita nilijaribu mistari mitatu: samadi pekee, DAP pekee, na zote mbili. Wa tatu ndio uliokuwa na faida. Kila shimo naweka viganja viwili vya samadi na kifuniko kimoja cha soda cha DAP, nafunika na udongo kidogo, ndipo mbegu. Usizidishe, kaka. Mvua ya huku ikikatika, mbolea nyingi inaunguza.

Dada yako,
Kaari

Dallas
24 Novemba 2024

Kaari,

Natumai mko wazima. Mimi siko sawa.

Jumamosi nilikuja, ukiwa sokoni. Mahindi yangu yameungua. Yako yananifikia kiunoni, tena yana kijani cha kukera. Ile habari ya kifuniko nilidhani ni ujanja wa kunirudisha nyuma, nikamwambia kibarua wangu atie kiganja kizima cha DAP kila shimo. Nilisimama mpakani nikitamani mbuzi waingie kwako.

Nimeongea na Baba. Mbuzi ni wake, basi samadi ni yake. Mavuno yako yahesabiwe nusu. Amekubali.

Mugendi

Kiritiri
16 Februari 2025

Kaka,

Hujambo? Tangu Novemba hujatusalimia. Sisi tu wazima.

Nililia jikoni siku ile barua yako ilipofika. Nani huwalisha hao mbuzi? Lakini sikubishana. Jana Baba alihesabu magunia mwenyewe, jirani yetu mzee Nyamu akishuhudia. Yangu kumi na mawili, nusu ni sita. Yako matatu. Shamba la bondeni amenipa mimi.

Dada yako,
Kaari

Dallas
2 Machi 2025

Dada yangu Kaari,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Magoti ya Baba yanaendeleaje?

Ukweli ni kwamba sikulihitaji hilo shamba. Nina mshahara. Nilichotaka ni wewe usilipate. Zamani Baba hakupanda kitu bila kuniuliza. Uliporudi, akaanza kukuuliza wewe. Wivu ulinila, nami naona haya kuuandika. Nisamehe. Na kama moyo wako unakubali, shamba hilo tulilime pamoja.

Ndugu yako,
Mugendi

Kiritiri
9 Machi 2025

Kaka Mugendi,

Barua imefika. Baba anatembea vizuri kidogo, anauliza utakuja lini.

Nimekusamehe, wala si kwa mdomo tu. Njoo na Mama Muthomi, nitawapikia. Lakini kulima pamoja, hapana. Tangu nirudi hapa nyumbani, kila ninachoshika ni cha mtu mwingine, hata sufuria. Hili ni langu, kaka. Nitalilima peke yangu.

Dada yako,
Kaari