Nani Alikula Firigisi ya Mkwe?

West Side, Buffalo
14 Machi 2016

Mpendwa bibi yangu, Koko Esperance,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Goti lako linasemaje na baridi ya Louisville? Unakula vizuri? Sisi huku tu wazima, isipokuwa theluji haijaambiwa kwamba ni Machi. Mama bado anatunza wazee, na anasema wazee wake wanamtii kuliko mimi.

Najua utajiuliza kwa nini naandika na simu iko. Koko, kwa simu sauti yangu inakimbia. Wewe unauliza, "Ombeni, uko?" na mimi natikisa kichwa. Kwenye karatasi naweza kuongea. Tena soma mwenyewe, kwa miwani yako ya Biblia. Usimpe mama mdogo Grâce akusomee. Sababu utaiona.

Grâce ametuambia kwamba Jumamosi vijana wa kanisa lenu wataonyesha ukumbini ile tamthilia aliyoigiza mjomba Bagula, na kwamba wewe utabaki nyumbani kuchambua maharagwe. Eti mwanao alianza kuigiza mbele yako, siku ya wakwe, na hutaki kumwona akidanganya tena kwenye skrini kubwa. Mjomba ameambiwa hayo. Halafu akapiga simu kutoka Columbus mara tatu siku hiyo hiyo kumuuliza Mama kama umebadili mawazo.

Bon, nikueleze kazi yake, maana sidhani kama kuna aliyekueleza vizuri. Tangu aape uraia mwaka jana anajiita mwigizaji wa Kimarekani, ingawa mchana bado anapanga maboksi ghalani Westerville. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kisogo. Alikaa ndani ya basi mbele ya mwanamke anayelia. Tulingoja hapa nyumbani saa nzima, kisogo kikapita, Mama akapiga kigelegele, na tangazo la sabuni likaanza. Ya pili alikuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Alilala vizuri mno, akakoroma, ikabidi warudie. Ya tatu ndiyo hii: jenerali mkali wa nchi ambayo haipo, na safari hii amepewa sentensi tatu.

Mwongozaji alitaka sentensi hizo ziwe za Kiafrika na za kutisha, zozote tu, Kiingereza wangekiandika wenyewe chini ya picha. Sasa mjomba unamjua, hawezi kutisha hata kuku. Akanipigia mimi kwa kuwa nilianza shule kambini kwa Kiswahili na naendelea hapa kwa Kiingereza. "Niandikie maneno ya kumtoa mtu jasho, mwanangu."

Nikafikiri siku mbili. Koko, maishani mwangu nimetishwa na mtu mmoja tu. Nikaandika maneno yako.

Donc, basi, utaona hivi. Askari wamepanga mstari juani, ngoma inadunda. Jenerali anapita polepole, anasimama, anasema kwa sauti yako kabisa: "Nani alikula firigisi ya mkwe?" Chini wameandika: nani aliuza siri za taifa? Anamsogelea askari mmoja: "Fungua kinywa ninuse." Chini wameandika: sema ukweli au ufe. Kisha anageuka, machozi yanamlenga, anasema: "Mimi nilizaa watu au paka?" Hapo wameandika: mimi ndiye baba wa nchi hii.

Msichana mmoja wa darasa letu alisema hakupata usingizi. Sisi kanisani tulicheka mpaka mzee Sipriani akatolewa nje apigwe upepo. Mwongozaji alimuuliza mjomba hasira ya namna hiyo alijifunza wapi. Alimjibu kwamba kwa mama yake. Sasa wanamtaka tena, sentensi kumi na moja, na mjomba amewaambia watapata jibu baada ya Jumamosi. Usipokwenda atakataa. Hajasema hivyo kwako kwa sababu anaogopa, na mimi uoga nimeurithi huko huko.

Basi sasa nakuja kwenye kile kilichofanya nikukataze kumpa Grâce barua.

Siku ile kambini Nyarugusu, wakwe walipokuja kumposa Grâce, baba mkwe alikoroga bakuli mara tatu akitafuta firigisi yake, hakuiona, akaulizia kofia yake aondoke. Wewe ulituita nyuma ya nyumba ukauliza maswali hayo hayo matatu. Mjomba, mtu mzima na ndevu zake, alipiga magoti akalia, akasema ni yeye. Ukamwambia, "Machozi gani haya? Wewe ni mwigizaji."

Koko, ulisema kweli. Alikuwa anaigiza. Firigisi niliila mimi.

Nilikuwa na miaka saba. Ilikuwa ya moto, ikaniunguza ulimi. Mjomba alinikuta nyuma ya jiko mashavu yamejaa, akaniambia neno moja tu: "Meza." Halafu akaenda kupiga magoti. Ndiyo kazi yake ya kwanza, kabla ya kisogo, na miaka minane sasa hakuna aliyempigia makofi.

Nikasirikie mimi, nitapokea. Lakini Jumamosi maharagwe yaache. Kaa mbele kabisa. Jenerali akiuliza swali lake, ukumbi mzima utacheka, na wewe peke yako utakuwa unajua jibu.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie Grâce na mumewe Karaha, lakini habari ya firigisi ingoje mpaka nimalize shule. Na yule baba mkwe wa Grâce, mzee Birindwa, akija kuwatembelea, tafadhali mpe firigisi mbili. Moja ni yangu.

Mungu akupe goti jipya na siku nyingi za kutufokea.

Mjukuu wako akupendaye na kukuogopa,
Ombeni